Bustani ya Droo Juu ya Paa la Wizara

Nchi ya Heko ipo. Asiyeamini na amuulize mtu yeyote aliyewahi kupeleka barua ofisini akaambiwa aje kesho. Huyo ameshafika mpakani mwa Heko, amebakiza kugongewa muhuri tu.

Ni nchi yenye adabu sana, na adabu yake kubwa ni hii: hakuna anayesoma karatasi kabla ya kuitia sahihi. Kusoma kwanza ni kumtukana aliyeandika, sawa na kunusa chakula ulichokaribishwa. Mwandishi anaandika, mkubwa anatia sahihi, masijala inatunza, na maisha yanaendelea. Mahali pekee ambapo karatasi husomwa nchini Heko ni jukwaani, pale waziri anapohutubia. Naye huiona hotuba yake kwa mara ya kwanza hapo hapo, pamoja na wananchi, ila wananchi huwa hawasikilizi.

Katika Wizara ya Ukijani na Matumaini, jengo la ghorofa tisa lenye lifti iliyozinduliwa mara tatu na isiyowahi kupanda hata mara moja, alikuwepo mfagizi aitwaye Skolastika Nyamtondo. Wenzake walimwita Mama Skola. Alikuwa amefagia ghorofa ya tisa kwa miaka ishirini na mitatu, na miaka yote hiyo alikuwa kibarua wa muda. Kila mwaka aliambiwa kwamba atapewa ajira ya kudumu, na kila mwaka ikagundulika kwamba hana cheti cha darasa la saba. Wizara ilishikilia kwamba mtu asiye na cheti anaweza kufagia kwa muda, lakini hawezi kufagia kwa kudumu.

Kwa hiyo, akiwa na miaka hamsini na moja, Mama Skola alianza kwenda kwenye kisomo cha jioni katika ukumbi wa parokia. Alikaa kwenye dawati la watoto magoti yakigusa kidevu, akajifunza herufi, kisha maneno, kisha sentensi. Kabla ya kufungua daftari alifanya ishara ya msalaba, na baada ya kulifunga alishukuru. Mtihani ulikuwa Novemba. Akifaulu, barua yake ya ajira ya kudumu, iliyokuwa imelala mezani kwa Mkurugenzi wa Ukijani, ingetiwa sahihi. Ndicho kitu alichokuwa akikiombea kila siku, akitaja jina lake lote ili Mungu asije akampa mwingine.

Mchana alisali rozari yake juu ya paa, kwa sababu kusali koridoni kulikuwa kumepigwa marufuku kwa waraka uliosema kunachafua ukimya wa kazi.

Juu ya paa hilo ndipo mali chakavu za serikali ya Heko zilipokwenda kusubiri. Nasema kusubiri, kwa sababu katika nchi hiyo kitu cha serikali hakiruhusiwi kufa mpaka Kamati ya Kufuta Mali Chakavu ikae. Kamati hiyo haikuwa imekaa kwa miaka kumi na minne. Viti vyake vilikuwa vimevunjika, viti vilivyovunjika vilikuwa juu ya paa, na viti vipya visingeweza kununuliwa kabla ya vile vya zamani kufutwa na Kamati, ambayo haikuwa na pa kukaa. Basi paa lilijaa droo za kabati za masijala, matairi ya magari ya mawaziri waliotumbuliwa, mabango ya kampeni za ahadi zilizopita, na bakuli moja la choo lenye kibao cha shaba kinachotaja aliyelizindua.

Siku moja, akiwa katikati ya Salamu Maria ya saba, Mama Skola aliona kitu kijani ndani ya droo. Ulikuwa mnyanya. Labda ofisa mmoja alitupa kipande cha nyanya dirishani, upepo ukaleta vumbi, Mungu akamalizia. Mnyanya ulikuwa na tunda moja, dogo kama kifundo cha kidole.

Mama Skola akamaliza rozari yake kwanza, maana hakuwa mtu wa kukatisha. Kisha akaleta maji kwenye kikopo cha rangi.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Alizipanga droo kumi na mbili ukutani, akazitoboa chini kwa msumari. Alikusanya majani ya chai na maganda kutoka kwenye kantini, akayaozesha ndani ya tairi. Juu ya udongo alitandaza vipande vya karatasi kutoka kwenye mtambo wa kukatakata nyaraka, kwani vilishika unyevu vizuri mno. Baadaye ilijulikana kwamba vilikuwa Mkakati wa Taifa wa Paa la Kijani, toleo la tano. Mkakati huo ulikuwa na umri wa miaka kumi na moja na ulikuwa haujawahi kuotesha hata jani. Chini ya bamia za Mama Skola ndipo ulipofanya kazi kwa mara ya kwanza.

Alipanda mchicha, bamia, pilipili na vitunguu. Mabango ya kampeni aliyafanya kivuli, na uso wa mgombea mmoja ukakinga miche ya nyanya dhidi ya jua kwa uaminifu ambao wapiga kura wake hawakuwahi kuuona. Ndani ya bakuli la choo alipanda mnanaa.

Wafagizi wa Wizara, ambao mchana walizoea kula ugali mkavu kwenye ngazi za dharura, wakaanza kula ugali na mchicha. Korporali Lazaro, askari wa getini, alipopelekewa bakuli lake aliangalia kushoto na kulia, akauliza kama kilichomo ndani kina kibali.

"Kina chumvi," alisema Mama Skola. "Kula, baba."

*

Harufu ya mchicha ndiyo iliyomponza. Ilishuka hadi ghorofa ya nane, ikaingia katika semina ya siku tano iliyohusu namna ya kuandaa semina, na Mkurugenzi wa Ukijani, Daktari Wilbadi Mtonyole, akanusa.

Daktari Mtonyole alikuwa mtaalamu mkubwa. Alikuwa amehudhuria makongamano kuhusu bustani za juu ya paa katika nchi kumi na saba, na alikuwa akijua aina zote za bustani hizo isipokuwa ile yenye mimea. Alipanda ngazi akihema, akafungua mlango wa paa, akatua mguu wake wa kulia moja kwa moja juu ya mche wa bamia.

"Nani ameruhusu hivi?" aliuliza.

Mama Skola alisimama, kikopo mkononi. "Hakuna, bosi. Niliona nyanya imeota yenyewe, nikashukuru, nikaendelea."

"Ulimshukuru nani?"

"Mungu."

"Amepitia idara gani?"

Mama Skola alifikiri kwa makini, kwa sababu aliulizwa kwa makini, akasema hajui, ila yeye humpata pale pale juu ya paa saa saba mchana.

Daktari Mtonyole alimweleza kwamba Wizara imekuwa ikijiandaa kupanda kwa miaka kumi na moja, na kwamba maandalizi ni jambo nyeti. Sasa mtu asiye na cheti cha darasa la saba amekwenda kupanda bila kujiandaa, tena ikaota. Wananchi wakijua kwamba mchicha huota kwa kumwagiwa maji, nani atahudhuria semina? Akamwambia pia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba anayo barua yake ya ajira mezani, na kwamba meza yake ina pande mbili, upande wa kutia sahihi na upande wa kapu la taka.

"Ng'oa vyote kabla ya saa tisa," alisema, akafuta bamia kwenye soli ya kiatu kwa kuisugua kwenye mnyanya.

Lakini havikung'olewa. Saa nane na nusu alipanda Bi Mwinyikondo, mkuu wa masijala, mwanamke mkavu mwenye miwani ya kamba, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupoteza faili wala kumpa mtu yeyote faili. Alikuwa amesikia kwamba droo zake zimeonekana. Akazihesabu, akazikagua namba zake za rangi nyeupe, akatikisa kichwa.

Akamkumbusha Mkurugenzi, aliyekuwa bado amesimama pale, kanuni ya masijala. Chochote kilichomo ndani ya droo ya masijala ni waraka wa serikali, na waraka wa serikali haung'olewi.

"Ni mchicha, Bi Mwinyikondo," alisema Mkurugenzi.

"Sijaona kanuni inayosema waraka hauwezi kuwa na mizizi," alijibu.

Akapita droo kwa droo na kalamu yake. Kila mche ukapewa namba ya faili. Mchicha ukawa wa Siri, bamia za Siri Sana, na pilipili, baada ya Bi Mwinyikondo kuionja na kukohoa kwa dakika tano, ikawa kwa Macho ya Waziri Tu. Kisha akaufunga mlango wa paa kwa ufunguo, akabandika tangazo juu yake: ni marufuku kulowanisha nyaraka za serikali.

Kwa hiyo kung'oa lilikuwa kosa, kumwagilia kosa, na kula lilikuwa kosa kubwa zaidi, maana ni kuharibu kumbukumbu. Wafagizi wakarudi kwenye ugali mkavu. Mama Skola alibaki nje ya mlango wa paa kila mchana, akichungulia kwenye tundu la ufunguo jinsi majani yanavyolegea.

Akafanya jambo pekee ambalo halikuwa kwenye tangazo. Alianza novena ya mvua, sala ya siku tisa. Siku ya tisa mvua ikanyesha, tena si mvua ya kutisha, ni ile ya pole pole inayoingia kwenye udongo kama mgeni mwenye heshima. Kesho yake saa mbili asubuhi alipewa barua ya kujieleza ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini amesababisha kulowana kwa nyaraka arobaini na sita.

Alijieleza. Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani, na aliiandika ulimi ukiwa nje. "Nilisali. Ikanyesha. Nilimaliza siku zote tisa, sikuruka hata moja. Ahsante." Daktari Mtonyole akaitia sahihi kwamba ameisoma, Bi Mwinyikondo akaifungia ndani ya faili la pilipili, na hakuna aliyejua ilisema nini.

*

Mambo yaligeuka Waziri aliposikia kuna kitu cha kuzindua.

Waziri wa Ukijani na Matumaini alikuwa na miezi minne bila kuzindua chochote, na alikuwa ameanza kukonda. Aliposikia kwamba juu ya paa lake mwenyewe kuna bustani, aliamuru mahema, matarumbeta na waandishi wa habari, Ijumaa saa nne. Na Daktari Mtonyole, ambaye Jumatano aliitaka bustani ife, Alhamisi akaamka akiwa baba yake.

Kilichobaki ni kumwondoa mama. Mchana wa Alhamisi alimwita Mama Skola ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu jengo lijengwe. Akamsukumia karatasi moja iliyopigwa chapa na kidau cha wino wa bluu.

"Weka dole gumba hapo chini, Mama Skola. Barua yako ya ajira naitia sahihi leo leo."

Mama Skola aliitazama karatasi. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ameweka dole gumba kwenye kila alichopewa, likizo alizonyimwa, lawama, hata risala ya rambirambi ya mtu asiyemjua. Akasema sasa anajua kuandika jina lake, akaomba aende nayo akaliandike vizuri, kwa utulivu.

Mkurugenzi alicheka. Wazo kwamba mtu anaweza kutaka karatasi kwa sababu nyingine lilikuwa halijawahi kumjia mtu yeyote nchini Heko. "Kaandike. Kesho kabla ya sherehe uiweke ndani ya jalada la kijani, mezani jukwaani. Nitaichukua hapo."

Jioni hiyo, katika ukumbi wa parokia, Mama Skola alifanya utovu wa adabu. Aliisoma. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na ikamchukua muda kama wa kupika maharage.

"Mimi, mfagizi, nakiri kwamba sijawahi kupanda kitu chochote juu ya paa la Wizara. Bustani ni matunda ya Mkakati wa Daktari Mtonyole. Mimi nimekula nyaraka za serikali kwa tamaa yangu, na ninaomba radhi."

Wiki hiyo mwalimu wao, mzee mmoja mstaafu mwenye koti moja, alikuwa akiwafundisha kusahihisha. Aliandika ubaoni sentensi zenye makosa, nao wakaziandika upya zikiwa sahihi, kwa mwandiko safi, bila kufuta. Mama Skola alihesabu makosa kwenye ile karatasi. Kwanza halikuwemo jina lake. Kisha karibu kila sentensi ilikuwa na kosa moja, na moja ilikuwa na mawili. Akafanya ishara ya msalaba, akachukua karatasi safi, akasahihisha. Kwa unyofu wa moyo wake aliamini Mkurugenzi atafurahi kuipata ikiwa haina makosa.

Ijumaa asubuhi akaiweka ndani ya jalada la kijani, kama alivyoagizwa. Ndani yake mlikuwa na karatasi nyingine, za hotuba ya Waziri, akaiweka ya kwake juu, ili isipotee.

*

Matarumbeta yalilia. Waandishi wa habari walisimama kati ya droo. Daktari Mtonyole, tai yake kijani, alimkaribisha Waziri kwa maneno ya nusu saa, akaisahau karatasi aliyoiagiza, akachukua jalada la kijani na kumkabidhi kwa mikono miwili bila kulifungua, kwa heshima.

Waziri alifungua jalada, akakohoa, akasoma kwa sauti ile ya uzinduzi.

"Mimi, Skolastika Nyamtondo, mfagizi wa ghorofa ya tisa, ndiye niliyepanda bustani hii kwa mikono yangu."

Watu wakapiga makofi. Daktari Mtonyole naye akapiga, kisha mikono yake ikasimama hewani.

"Nilitumia droo zilizovunjika, matairi, na bakuli la choo. Sikutumwa na mtu."

Makofi. Waziri wa Heko hasimami katikati ya hotuba, hilo ni jambo la katiba.

"Mkurugenzi alikuja mara moja, akaikanyaga bamia. Mchicha tumekula, mimi na wafagizi wenzangu, na ulikuwa mtamu. Siombi radhi kwa mchicha. Ninaomba maji."

Wasaidizi watatu wakakimbia na chupa. Waziri akanywa, akashukuru umma, akakata utepe. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Mama Skola alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili na kulia. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuwa amesikia jina lake likitajwa lote ndani ya jengo lile.

Alasiri wakubwa walikaa, wakakaa tena siku tatu mfululizo. Kusema Waziri amekosea haikuwezekana, kwa kuwa mawaziri wa Heko hawakosei. Kusema karatasi ilikuwa na kosa haikuwezekana, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa ameikabidhi mwenyewe. Likabaki jambo moja tu. Alichosema Waziri ni kweli, na Skolastika Nyamtondo, mfagizi aliyeanzisha bustani kwa mikono yake, ni Mheshimiwa Waziri. Likatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Waziri akavalishwa nishani ya jembe. Barua ya ajira ya kudumu ya Skolastika Nyamtondo ikatiwa sahihi siku hiyo hiyo, ikapelekwa kwa Waziri, na tangu hapo yeye ndiye mfagizi wa kudumu wa ghorofa ya tisa. Wanasema kazi hiyo anaifanya vilevile anavyoifanya ya uwaziri.

Daktari Mtonyole alipandishwa cheo, akapewa ufunguo wa paa. Mimea ilikauka kwa mujibu wa kanuni, kila mmoja ukiwa na namba yake. Mahali pake pakawekwa maua ya plastiki, ambayo hayaombi maji.

*

Jumatatu iliyofuata Mama Skola alifika getini. Mtihani wake ulikuwa wiki ile, na fomu ya mtahiniwa ilihitaji muhuri wa mwajiri kuthibitisha jina. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu kama thelathini, kila mmoja na karatasi yake mkononi, wakisubiri kuambiwa waje kesho.

Korporali Lazaro hakumtazama usoni. Mkanda wake ulikuwa umelegea tangu mchicha ulipokwisha.

"Jina?"

"Lazaro, umekula kwangu."

"Nimeagizwa niulize, mama. Jina?"

"Skolastika Nyamtondo."

"Skolastika Nyamtondo yuko juu, ana kikao." Akatoa karatasi kutoka chini ya meza, na kidau cha wino. "Wewe wameniachia hii. Weka dole gumba tu uende nyumbani. Nakuomba. Wananiangalia."

Mama Skola alipokea karatasi. Hakugusa wino. Akafanya ishara ya msalaba, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Mimi, am-ba-ye si Skolastika Nyamtondo, nathibitisha kwamba sina jina. Nathibitisha kwamba sikufanya kazi hapa kwa miaka ishirini na mitatu. Nathibitisha kwamba sitaki mtihani."

"Mama, hairuhusiwi," Korporali alinong'ona.

"Sijamaliza," alisema Mama Skola. Hakuwa mtu wa kukatisha.

Foleni ikasogea karibu. Mwanamke mmoja aliyebeba kifurushi cha hati za shamba alimwomba arudie pale kwenye jina. Akarudia. Mzee aliyekuwa nyuma yake, aliyekuja kutia sahihi mkataba wa nyumba yake, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha macho kwenye karatasi aliyoishika yeye mwenyewe, akaigeuza, maana ilikuwa juu chini, akatafuta miwani mfukoni. Wa nyuma yake akafungua yake. Na wa nyuma yake.

Mama Skola aliirudisha karatasi mezani, safi, bila alama. "Ina makosa," alisema. "Naomba muhuri kwenye fomu yangu. Nitasubiri."

Ghorofa ya tisa, Daktari Mtonyole alisogeza pazia kutazama kama mambo getini yamekwisha vizuri. Aliona watu thelathini wamesimama kimya kabisa, wote wameinamisha vichwa. Akadhani wanaomba radhi. Akaridhika, akafunga pazia.